Kupe Masikioni mwa Asante

Kupe aliyeshiba damu akitupwa juu ya kaa la moto hachukui muda. Hutulia kidogo, hung'aa kama zabibu iliyolowa, kisha hupasuka kwa mlio mdogo kama bisi kwenye kikaango. Harufu inayotoka hapo si ya nyama wala si ya nywele. Ni ya damu iliyoungua, nzito, yenye uchachu wa chuma, na ikishaingia puani haitoki mpaka wakati wa kula. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya jioni zetu mwaka ule wa mvua nyingi, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, katika kijiji chetu chini ya mteremko wa Sekenke. Juu mlimani kulikuwa na mashimo ya dhahabu, ya zamani na mapya, ambako baba mdogo alishinda akiponda mawe. Huku chini kulikuwa na alizeti, uwele, mbuzi na matope. Nyumba yetu na ya baba mdogo zilitazamana, uwanja mmoja katikati, na kutoka mlango wetu hadi mlango wao zilikuwa hatua thelathini. Najua kwa sababu kuna kipindi nilizihesabu kila asubuhi.

Mbwa walikuja kwetu kabla ya mvua hizo, mwaka mmoja nyuma. Mchimbaji mmoja alihama machimbo akaacha vitoto viwili vya mbwa, kaka na dada wa tumbo moja, na baba mdogo akatuletea ndani ya kiroba: kimoja changu, kimoja cha binti yake Naomi. Naomi alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja, na kwa desturi ya kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako kabisa, kwa hiyo aliniita dada. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, niliambiwa nichague kwanza. Nilichukua muda mrefu. Niliwanyanyua, nikawapima kwa mikono, nikawatazama meno. Dume alikuwa mnene, mweusi, na baka jeupe kifuani kama mtu aliyevaa shati la kanisani. Jike alikuwa mwembamba, rangi ya vumbi, na jicho moja lilitoa tongotongo. Nikachagua dume nikampa jina la Jemedari. Naomi alipokabidhiwa yule aliyebaki alimkumbatia kifuani, akasema, "Asante, baba," kwa sauti yenye furaha kiasi kwamba mama yangu akacheka, akasema basi na mbwa mwenyewe aitwe Asante. Mwalimu wetu wa darasa la nne alipenda kusema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Kwetu hakuna minazi na sikuwa nimewahi kuona koroma, lakini baada ya miezi sita nilikuwa nimeielewa methali ile vizuri.

Jemedari alikua akawa mbwa wa kulala. Alilala asubuhi kwenye jua na mchana kwenye kivuli, na akiamka ni kwa ajili ya mayai ya mama. Asante naye alinyooka miguu, jicho likapona, akawa kitu kingine kabisa. Alijua mbuzi wetu mmoja mmoja. Mbuzi akibaki nyuma kichakani, Asante alirudi bila kutumwa na kumleta. Alikamata kanga wa porini na kuwabeba hadi kwa Naomi wakiwa wazima, hata manyoya hayajalowa sana. Wageni walipofika walimtazama yeye, wakauliza, "Huyu ni wa nani?" na kila mara jibu lilikuwa, "Wa Naomi." Hakuna aliyewahi kuuliza Jemedari ni wa nani. Hayo yote ningeweza kuyameza. Nililoshindwa kulimeza ni baba yangu. Baba hakuwa mtu wa kusifu. Alama zangu za shule alizitazama akarudisha daftari bila neno. Jioni moja, baada ya kula, alichukua mfupa wenye nyama, akampita Jemedari aliyekuwa amekaa miguuni pake, akamrushia Asante upande wa pili wa uwanja. Akasema, "Huyu amefanya kazi." Naomi akacheka kwa haya. Mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa zamu yangu, ili mtu asinione uso.

Halafu zikaja mvua. Nyasi zilipanda mpaka mabegani mwetu, na pamoja na nyasi wakaja kupe kwa wingi ambao hata wazee walisema hawajauona. Josho la kijiji lilikuwa limepasuka ukuta, dawa haikai ndani, kwa hiyo ng'ombe walipuliziwa kidogokidogo nyumbani kwa bomba la mkono, na mbwa hawakuhesabiwa. Mbwa walikuwa kazi yetu sisi watoto. Kila jioni, kabla jua halijazama, mimi na Naomi tulikaa uwanjani, kila mmoja na mbwa wake, tukiwachomoa kupe mmoja mmoja na kuwatupa kwenye kaa. Nilimsafisha Jemedari kwa makini sana, hata katikati ya vidole, kwa sababu kama hakuwa hodari basi angalau awe msafi. Naomi alikuwa na shida ambayo watu wazima hawakuitilia maanani: hakuona vizuri karibu. Hata kutunga uzi kwenye sindano alimwomba mtu. Kupe wakubwa wa mgongoni aliwapata kwa kupapasa, lakini ndani ya sikio kuna mikunjo, na kupe hujibana humo. Kwa hiyo akimaliza mgongo na tumbo, kila siku aliniletea Asante, akalikunjua sikio kwa vidole viwili, akasema, "Dada, hebu niangalizie."

Nami nilimwangalizia. Kwa wiki nyingi nilimwangalizia kweli, na nikiona kupe nilimtoa. Mpaka siku ile Asante alipoleta kanga wawili, mama akawapika, na familia zote mbili zikala pamoja uwanjani. Mama akasema, akitania tu, "Leo mbwa wa Naomi ametulisha. Wa Yunisi atatulisha lini?" Watu wote wakacheka, na baba akacheka kuliko wote. Jioni hiyohiyo Naomi aliniletea sikio. Niliinamisha kichwa, nikachungulia. Walikuwa saba, wa kijivu, wamejipanga ndani ya ule mkunjo kama punje za uwele kwenye suke. Niliwahesabu. Kisha nikainua kichwa nikasema, "Safi."

Neno lile lilitoka bila kukwama, na hiyo ndiyo sehemu ninayoikumbuka kuliko zote. Nilikuwa nimejiandaa moyo wangu udunde, haukudunda. Naomi akasema, "Asante, dada," akamwachia mbwa wake. Kesho yake nikasema tena safi. Siku za kwanza nilijiambia kwamba ni adhabu ndogo tu, ajikune kidogo kama wenzake. Baadaye sikujiambia kitu. Ikawa desturi, kama kusema nzuri mtu anapokuuliza habari. Wiki tatu zikapita hivyo, na kupe wale wakanenepa, wengine wakaanguka wenyewe, wengine wakaja mahali pao.

Asante hakuugua ghafla. Alianza kwa kuchelewa. Mbuzi walifika nyumbani, kisha baada ya muda ndiyo na yeye akafika, ulimi nje. Halafu akaacha kwenda machungani, akawa analala kivulini pamoja na Jemedari, na sitaficha: nilifurahi. Nilifikiri, sasa wako sawa. Lakini Jemedari alilala kama mbwa aliyeshiba, na Asante alilala kama kitambaa kilichodondoka. Aliacha kula. Mbavu zilipanda na kushuka haraka hata akiwa ametulia, kama ametoka kukimbia. Siku moja alikojoa mchangani karibu na jiko, na mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Naomi aliuona akaanza kulia. Alichota maji kwenye kiganja, akampelekea mdomoni, na maji yakamwagikia chini. Furaha yangu ikaondoka pale, ila wivu haukuondoka. Hata katika kufa, nikawaza, anaangaliwa yeye.

Afisa mifugo wa kata yetu wakati huo alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye pikipiki iliyosikika kabla hajaonekana. Watu walimwita Mama Mifugo. Alikuwa akipita kwenda kuchanja kuku kijiji cha pili, na Naomi akasimama katikati ya njia, mikono imetanda, mpaka pikipiki ikasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unataka nikugonge?"

"Mbwa wangu anakufa."

Mama yule alizima pikipiki. Alipofika uwanjani alipiga magoti mbele ya Asante, akainua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba. Akatuita sote tuone. Fizi zilikuwa nyeupe kama muhogo uliochemshwa. Alizibonyeza, akaachia, na hakuna kilichobadilika. Kisha akamvuta Jemedari, akamwinua mdomo naye: fizi zake nyekundu, zinang'aa. "Tazameni tofauti," akasema. "Huyu ana damu. Huyu hana." Akatueleza taratibu, kwa lugha ambayo hata mtoto angeifuata, kwamba kupe ana ubaya wa aina mbili. Kwanza ananyonya, na kupe wengi kwa wiki nyingi wanaweza kummaliza mbwa kwa kunyonya tu. Lakini anapong'ata, huacha pia vijidudu ndani ya damu, navyo vinaingia kuvunja ile damu iliyobaki. Mabaki yake ndiyo tuliyoyaona kwenye mkojo, na ndiyo yaliyoyafanya macho yake yawe na unjano. Akasema mbwa aliyepungukiwa damu anahema hivi kwa sababu pumzi inaingia kifuani lakini hakuna wa kuibeba kuipeleka miguuni.

Kisha akakunjua sikio. Akachomoa kupe mmoja aliyenenepa, akatuonyesha kiganjani.

"Nani humtoa huyu kupe?"

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini. Mpaka leo sijui. Naomi alinitangulia. "Ni mimi, mama. Macho yangu ni mabaya." Haikumjia kwamba safi yangu ingeweza kuwa uongo; aliona kosa ni la macho yake tu.

"Na yule dume?"

"Dada Yunisi."

"Hongera, Yunisi. Umemtunza vizuri sana."

Baba mdogo, aliyekuwa ameshuka kutoka machimboni siku hiyo kwa sababu ya mvua, alimgeukia binti yake mbele yetu wote. Hakumpiga. Alisema tu, "Mtu asiyeona asifuge mnyama," akaingia ndani. Naomi alitazama chini. Nami nilisimama pale na hongera yangu.

Mama Mifugo alimchoma Asante sindano ya dawa ya njano, ile wanayochomwa ng'ombe, kiasi kidogo kilichopimwa kwa uangalifu. Lakini akasema dawa inaua vijidudu tu, haileti damu. Damu mwili ungeitengeneza wenyewe, ila unahitaji siku, na siku hizo Asante hana. Kulikuwa na njia moja. Alikuwa ameifanya mara mbili maishani: kuchukua damu ya mbwa mwingine mzima na kumtia huyu. Akamtazama Jemedari. "Tumbo moja, na ana damu kuliko mbwa wote niliowaona wiki hii. Lakini ni lazima mwenye mbwa amshike, la sivyo atapapatika. Na mwenye mbwa akikataa, sitamlaumu."

Watu wote wakanitazama. Ningependa kuandika kwamba nilijuta pale, nikalia, nikasema ndiyo kwa ajili ya ndugu yangu. Haikuwa hivyo. Neno la kwanza lililonijia lilikuwa hapana. Hata damu ya mbwa wangu sasa inatakiwa iende kwake? Nikauliza, "Akifa wangu je?" Akanijibu kwamba hatakufa, atachoka siku mbili, kisha atakula na kulala kama kawaida yake. Halafu baba yangu akasema, kwa sauti ya mtu anayeshangaa, "Kumbe Jemedari ndiye mwenye damu nzuri." Nilikubali kwa sababu ya sentensi hiyo. Nilikubali kwa wivu uleule ulionifanya niseme safi: niliona kwamba kwa mara ya kwanza watazungumza habari za mbwa wangu.

Mama yule alikwenda na pikipiki hadi zahanati, akarudi na mfuko mtupu wa damu na mpira wake, aliouomba huko. Jemedari alifungwa mdomo kwa kipande cha kanga, akalazwa ubavu juu ya benchi, akanyolewa shingo kwa wembe. Nilimshika kichwa. Nilihisi moyo wake ukigonga kwenye kiganja changu wakati damu ikishuka, nyeusi kuliko nilivyotarajia, mfuko ukijaa polepole mpaka karibu nusu. Hakupapatika. Alinitazama tu, jicho moja juu, kama mtu anayengoja aelezwe. Kisha mfuko ukatundikwa kwenye mti wa zizi la mbuzi, na damu ya kaka ikaanza kuingia kwenye mguu wa dada, tone kwa tone, Naomi amekaa chini akiupakata mguu ule usisogee. Kabla jua halijashuka, Mama Mifugo aliinua tena ule mdomo. Weupe ulikuwa umepata rangi kidogo, kama ukuta ulioguswa na mwanga wa jioni. Asante akainua kichwa, akanywa maji. Siku ya tatu alilamba uji. Watu walikuja hata kutoka machimboni kumwona Jemedari, mbwa aliyetoa damu, na baba akamrushia yeye mfupa wa kwanza. Yote niliyokuwa nimeyatamani yalinifikia wiki ile, na sikuweza kuyala.

Wiki iliyofuata Naomi alivuka uwanja akiwa na Asante kwa kamba. Asante alitembea, ila si kama zamani. Mbio zile hazikurudi tena. Naomi akaniwekea kamba mkononi.

"Dada, bora awe wako. Wewe unaona."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema watu, lakini methali haisemi lolote juu ya yule anayekula, jinsi anavyosimama pale mikono imejaa. Ningeweza kusema ukweli kwa maneno manne. Nilisema, "Haya." Nikampokea.

Kwa miaka mitatu Asante alikuwa mbwa wangu. Kila jioni nilimfunga mlangoni kwetu, na kila asubuhi kamba ilikuwa imetafunwa na yeye amelala kwenye mlango wa Naomi. Nilihesabu zile hatua thelathini kwenda, nikahesabu thelathini kurudi naye. Hakunibwekea wala hakunikwepa. Alikuja kwa adabu, kama mgeni anayeitwa kula. Masikio yake niliyasafisha kila siku, mpaka kucha zangu zikawa zinanuka. Nilikuwa sekondari, bweni, aliposhindwa kuamka. Mama aliniambia alikutwa mlango uleule.

Leo naishi Utemini, Singida mjini, na watoto wangu wana mbwa ambaye hajawahi kumjua kupe. Kila baada ya muda namnunulia dawa ya kudondoshea mgongoni katika duka la mifugo, na kazi imekwisha. Binti yangu akimwona kupe kwenye picha anapiga kelele. Sisemi zamani ilikuwa bora. Watoto hawa hawana jioni za uwanjani, lakini pia hakuna mtu anayeweka uhai wa kitu anachokipenda mbele ya macho yao kila siku na kuwauliza, vipi, pako salama? Nafurahi kwamba hawaulizwi. Mimi niliulizwa, na najua nilichojibu.

Naomi ni mwalimu Manyoni. Anavaa miwani siku hizi. Nyumba yake ni nzuri kuliko yangu, wanafunzi wake wanampenda, na nikiingia kwake bado navihesabu vitu vyake kabla sijakaa. Likizo ya mwaka jana nilimtembelea na watoto ili tulale siku mbili. Binti yangu akamwuliza, "Mama mdogo, mbona huna hata paka?" Naomi akacheka, akasema aliwahi kuwa na mbwa, akakaribia kumuua kwa uzembe wake, na tangu siku hiyo akaapa kutofuga kiumbe. Alilisema kwa wepesi, kama jambo la kawaida juu yake mwenyewe, kama mtu anavyosema hawezi kuimba. Niliwaambia watoto wakacheze nje. Kisha nikamwambia. Nikamwambia kuhusu wale saba, na juu ya neno safi, na wiki tatu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaishika mapajani.

"Na nilipokupa, ulimpokea."

"Nilimpokea."

Nje watoto walikuwa wakikimbizana. Akasema, bila kupandisha sauti, "Nimekusikia, dada. Lakini leo usilale kwangu."

Nilikusanya nguo za watoto. Alitusindikiza hadi stendi, akawanunulia karanga, akasimama mpaka basi la Singida likaondoka. Hakunipungia mkono, aliwapungia wao. Miezi minne hakupiga simu wala hakupokea yangu, na katika ukoo mzima hakuna hata mtu mmoja aliyesikia kutoka kwake nililofanya. Kisha asubuhi moja simu ikalia, akaniuliza kama mvua imeanza Singida. Nikasema imeanza. Akasema na kwao pia. Nami, simu sikioni, nikamwonea wivu tena, mtu mzima mwenye watoto: kwamba yeye alipewa sababu ya kweli ya kunidhuru, akakaa nayo miezi minne, na hakuitumia.